Hina, nili, kahawa au piko: ndani ya rangi za asili za nywele kuna nini, na we uchague ipi

Idd ikikaribia simu yangu hainyamazi. Dada hii hina ya paketi nyekundu vipi, shangazi mvi zimenizidi nisaidie, mwingine anatuma picha ya paketi tu bila hata salamu, eti nijue mwenyewe anataka nini. Mi kazi yangu ni kupaka hina, nimezaliwa Bombo kwa Wanubi ambako hina ni ada ya harusi, nikajifunza kwa mama mdogo, alafu nikahamia Kampala na mpaka leo nazunguka na mfuko wangu Kibuli, Kisenyi, Old Kampala, popote alipo bibi harusi. Mvi za wateja nimezipaka nyingi, na zangu mwenyewe sasa zimeanza kuchungulia pembeni ya sikio, kwahiyo hili jambo linanihusu.

Paketi zote zimeandikwa "asili". Sasa risasi nayo ni ya asili, inachimbwa ardhini, na ni sumu. Kwahiyo siku hizi hilo neno nalipita, nauliza vitu vitatu: ni kemikali gani hasa inayotia rangi, hiyo rangi inakaa wapi kwenye unywele, na kuna madini gani yameingia humo, yawe ya jani lenyewe au yaliyotiwa na mtu. Ukijua hivo vitatu kuchagua kunakua rahisi na muuzaji hakusumbui.

Kabla ya yote, unywele. Ni protini inaitwa keratini, imejaa salfa, ndo maana ukiungua unanuka vile. Nje una magamba kama ya samaki yaliyolaliana, ndani ndo kuna melanini inayoupa weusi. Mvi ni unywele ule ule ila melanini imeisha. Hakuna jani lolote linaloweza kuondoa melanini yako, kwahiyo kama nywele zako bado nyeusi tii na unategemea hina ikupe wekundu kama wa mtu wa kwenye TV, hapana, utapata mng'ao mwekundu ukisimama juani basi. Rangi za majani ni za kuongeza juu ya ulichonacho, hazipunguzi.

HINA

Rangi ya hina ni molekuli moja inaitwa lawsoni, na imechukua jina la mti wenyewe, Lawsonia inermis. Kwenye jani kavu ni kidogo sana, kama asilimia 1 hivi, jani zuri linafika 2, mengine hata hayafiki 1. Yaani kwenye gramu 100 za unga unapata gramu moja au mbili za rangi, kilichobaki ni nyuzinyuzi za jani, sukari, tanini (ule ukali unaokaza ulimi kama wa chai ya rangi), na ute ute ule unaofanya uji uvutike. Ndo maana hina mbili zenye rangi sawa ya unga zinaweza kukolea tofauti kabisa.

Na lawsoni haiko tayari tayari kwenye jani, imefungwa na sukari. Ukiweka maji na ndimu, ule uchachu unaikata kutoka kwenye sukari polepole alafu hewa inamalizia kazi. Mama mdogo alikua anaikoroga jioni, anaifunika, anaipaka asubuhi, hajui neno lawsoni hata kidogo ila alikua anajua ukiikoroga na kuipaka hapo hapo haishiki. Ukiimwagia maji yanayotokota rangi inatoka haraka sana na inakufa haraka sana, nimewaona mabinti wa saluni wakifanya hivo alafu wanalaumu hina.

Utamu wa hina uko hapa: lawsoni ikiingia kwenye unywele inajiunga na keratini yenyewe kikemia, haikai juu kama vumbi. Mvi iliyoshika hina haitoki kwa shampuu, inasubiri ikue tu, mzizi utokee mweupe. Ukiosha siku ya kwanza ni rangi ya chungwa kali mpaka unataka kulia, usilie, inaendelea kuungana na hewa siku mbili tatu na inageuka kahawia nyekundu. Mteja wangu mmoja alinipigia saa nne usiku anasema amekua karoti, nikamwambia mama lala, kesho kutwa tuongee. Hakupiga tena.

Ubaya wake: rangi ni hiyo hiyo moja. Hakuna hina ya blondi, hakuna hina ya bluu, na HAKUNA hina nyeusi, hili nitalirudia. Tanini zake pia zinakausha, nywele zetu hizi za kujikunja zikipakwa hina kila wiki mbili zinakua ngumu kama ufagio usipozitia mafuta. Alafu watoto wachanga msiwapake, najua ni mila na najua bibi atanuna. Kuna watu damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, na sehemu za malaria nyingi kama kwetu watu hao wapo, kwao lawsoni ikipenya ngozi inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Mtoto ana ngozi laini na mwili mdogo, hatari inakua kubwa.

NILI

Kwanza tuelewane, nili ninayoisema hapa ni ya jani la mnili, sio ile buluu ya kufulia mashati ya shule ambayo baadhi ya wazee pia wanaiita nili. Ile ya kufulia ni kitu kingine kabisa, usiipake kichwani, mtu alishaniuliza ndo maana nasema.

Mnili una jamaa nyingi, mmojawapo Indigofera arrecta unaota wenyewe huku Afrika Mashariki, ingawa unga unaouzwa madukani Kampala mara nyingi ni wa kutoka India. Kwenye jani hakuna bluu. Kuna kitu hakina rangi kinaitwa indikani, ni sukari imeshikana na indoksili. Ukiweka maji ya vuguvugu kimeng'enya cha jani kinaachanisha, indoksili inatoka, inakutana na oksijeni, mbili mbili zinaungana na kua indigo yenyewe, bluu. Ni rangi ile ile ya jinzi, ila ya jinzi leo inatengenezwa kiwandani, Wajerumani walianza kuiuza mwaka 1897 na mashamba mengi ya nili huko India yakafa.

Hapo utaona tofauti na hina. Hina inataka uchachu na subira, nili haitaki ndimu na haitaki kusubiri. Ukiikoroga na maji ya vuguvugu na chumvi kidogo una kama dakika 10 mpaka 15 kisha uanze kupaka, ukichelewa indigo inajijengea yenyewe kwenye bakuli badala ya kwenye unywele, na ikishakua bluu kamili molekuli yake haiyeyuki kwenye maji, haiingii tena. Hili ndo kosa namba moja. Watu wanakoroga nili jioni kama hina, asubuhi wanapaka tope la bluu lisiloshika, wanasema wameuziwa feki.

Nili peke yake kwenye mvi nyeupe inatoa rangi ya ajabu, bluu kijivu, wakati mwingine inaelekea kijani, na haishikani na keratini kwa nguvu kama lawsoni, inachuja. Ila ukitanguliza hina, ukaosha, alafu ukaweka nili juu yake, ule uchungwa na ule ubluu vinajumlika unapata weusi au kahawia nzito, na inakaa. Masaa mawili matatu ya hina, saa moja hadi mbili za nili, ni siku nzima imekwisha na shingo inauma, lakini ndo njia pekee ya majani matupu ninayoijua inayofunika mvi kwa weusi wa kweli. Ukitaka kahawia changanya zote mbili pamoja dakika ya mwisho, hina iliyolala usiku na nili ya sasa hivi, hina ikizidi inakua nyekundu, nili ikizidi inakua nyeusi zaidi. Wazee wetu wanaofuata sunna wanapenda hiyo kahawia kwenye ndevu, wao wanataja hina na katamu, mmea mwingine wa kutia rangi, weusi kamili wengi wanaukwepa.

Kama una rilaksa au nywele zimepauka kwa jua, nili inaingia kwa nguvu kuliko ulivotarajia. Jaribu fungu moja la nyuma ya sikio kwanza.

PIKO, JIWE JEUSI, NA ILE "HINA NYEUSI"

Hapa ndo nitakaa, maana hapa ndo watu wanaumia.

Miaka ya nyuma nikiwa naanza kazi nilinunua paketi ya "hina nyeusi ya asili" kwenye duka moja hapa mjini, mwenye duka akaniapia kabisa. Nikajijaribia mwenyewe mbele ya nywele, nusu saa tu, nyeusi kama mkaa, nikafurahi nikasema banange kwanini nilikua nateseka na nili. Siku ya pili paji la uso linawasha, siku ya tatu macho yamefumba kwa uvimbe, masikio yanatoa maji. Daktari wa ngozi aliuliza swali moja tu, umepaka rangi gani.

Ile haikua hina. Ilikua na PPD, kirefu chake parafenilenidiamini, kemikali ya kiwandani inayotokana na mafuta ya petroli au makaa ya mawe. Huko pwani wanaita piko, Sudan wanaijua kama jiwe jeusi maana inauzwa kama vipande vya mawe. Kule na kwingine watu wamekufa kwa kuinywa, inavimbisha koo, inavunja misuli na kuziba figo, na mtoto akikuta kipande anaweza kudhani ni pipi.

Inavofanya kazi ni tofauti kabisa na jani. PPD yenyewe ni molekuli ndogo isiyo na rangi, inapenya magamba mpaka ndani ya unywele, kisha haidrojeni peroksaidi inaichoma ndani humo humo, zinaungana zinakua kubwa nyeusi na hazitoki tena. Ni ufundi mzuri kwa kweli, ndo unaotumika kwenye rangi nyingi za saluni duniani. Sitaki kudanganya mtu kwamba kila rangi ya boksi ni sumu, Ulaya wanaruhusu PPD kwenye rangi za nywele isizidi asilimia 2 ikishachanganywa tayari kwa kupaka, na imeandikwa kwenye boksi, na wanakwambia ujaribu kwenye ngozi masaa 48 kabla. Shida ya "hina nyeusi" ya mtaani ni kwamba haijaandikwa, hujui kiasi, na zile za kuchorea mikono zimepimwa zikakutwa na zaidi ya asilimia 10. Alafu wanaipaka kwenye ngozi moja kwa moja, jambo ambalo hata hao Wazungu wamelikataza.

Na mwili ukishaikataa PPD mara moja, ndo basi maisha yako yote. Mi leo siwezi kupaka rangi yoyote nyeusi ya boksi. Kuna hata dawa za ganzi, benzokaini mojawapo, ambazo mwili unaweza kuzichanganya na PPD ukazikataa pia, kwahiyo ukienda kwa daktari wa meno umwambie.

Ukiweka hina na piko ubavu kwa ubavu dukani utazitofautisha hivi. Hina ya kweli ina rangi ya majani makavu, inanuka kama nyasi zilizokatwa, inataka masaa. Ukiambiwa nusu saa, ukiambiwa uweke "dawa ya maji" kutoka kwenye kichupa, ukiambiwa inatoa nyeusi peke yake, hiyo ni PPD hata kama paketi ina picha ya jani na ua. Unga wa nili wa kweli pia ni kijani, hata nao sio mweusi. Unga ukiwa mweusi tangu ndani ya paketi, rudisha.

KAHAWA, CHAI, MAGANDA YA KITUNGUU, ROZELA

Hizi nazipita haraka maana kazi yao ni ndogo. Kahawa yetu ya robusta ina asidi ya klorojeniki nyingi, na ikikaangwa zinatengenezeka molekuli kubwa za kahawia zinaitwa melanoidini. Kubwa mno kuingia ndani ya unywele, zinalala juu ya magamba. Chai nayo vile vile na tanini zake. Kwa nywele nyeusi hutaona kitu, kwa mvi inatia kivuli cha kahawia kinachotoka shampuu ya pili ya tatu, na mto wako unapata rangi pia. Maganda ya kitunguu yana kwasetini, inatoa manjano ya dhahabu nzuri kwenye kitambaa, kwa nywele ni kidogo sana. Rozela ile nyekundu tunayokunywa ina anthosianini ambayo inabadilika na uchachu, ukiweka ndimu nyekundu, ukiweka magadi inakua kibluu kibluu au kijani, kwahiyo ukiosha na sabuni ya mche usishangae. Kama una sherehe Jumamosi na Jumatatu unataka mvi zako zirudi, kahawa nzito inafaa. Zaidi ya hapo ni kupoteza kahawa, bora uinywe.

MADINI

Wauzaji siku hizi wanasema "ina madini mengi". Ndiyo, jani lolote lina potasiamu, kalsiamu, magnesi, chuma kidogo, kutegemea udongo ulikoota. Hayo hayatii rangi na unywele hauyali, unywele uliotoka nje ya ngozi ni mfu. Madini ya kuangalia ni mawili matatu tu.

Chuma ndo mwenye maana. Tanini ikikutana na chuma inageuka nyeusi bluu, ni kemia ile ile ya wino wa zamani wa kuandikia. Kama umewahi kuchemsha chai kwa maji ya kisima cha pampu yenye kutu, ukaona imekua nyeusi kama lami, umeshaona jambo lenyewe. Ndo maana Wahindi wanaloweka amla, tunda lao lenye tanini, kwenye karai la chuma usiku kucha, na mama mdogo alikua na sufuria moja ya chuma aliyoikataza kuoshwa kwa steelwool. Hina yake ilikua inatoka nyeusi kidogo kuliko ya majirani, wao wakidhani ana dawa. Ni njia ya kati nzuri kama hutaki uchungwa mkali na huna nili, ila weusi wake ni wa kijivu kijivu na chuma kikizidi kinakwaruza nywele.

Udongo mwekundu ni chuma pia, chuma kilichoshikana na oksijeni. Wanaume wa Karamoja zamani walikua wanafinyanga nywele na udongo wa rangi, ni pambo zuri sana, lakini ule unafunika tu, ukiosha unaondoka wote. Usinunue "udongo wa kuondoa mvi".

Risasi sasa. Wagiriki na Warumi walikua wanapaka risasi na chokaa, na mwaka 2006 wanasayansi Ufaransa walirudia ile fomula wakaona inachotokea: risasi inachukua salfa ya unywele wenyewe, inatengeneza ndani yake vifuwele vidogo mno vya galena, yaani madini ya risasi na salfa, kama nanomita 5 kila kimoja. Ajabu tupu, unywele unageuka mgodi. Bado kuna losheni za "kurudisha rangi polepole" zinazofanya hivo hivo kwa asetati ya risasi, Marekani wenyewe walitangaza kuifutia ruhusa mwaka 2018. Losheni yoyote inayosema mvi zitaondoka kidogo kidogo kila siku unapopaka, soma nyuma, kama kuna jina la risasi au huoni jina la kitu chochote, iache. Na baadhi ya hina za kuchanganywa zimewahi kukutwa na chumvi za risasi, za fedha, za shaba, zimetiwa ili rangi itofautiane.

SASA UCHAGUE

Mvi chache, unapenda wekundu, una uvumilivu: hina peke yake, wala usitafute zaidi. Mvi nyingi na unataka weusi na mwili wako haujawahi kugombana na kitu: hina kisha nili, mara moja kila wiki sita hivi, mizizi tu, usirudie urefu wote utazikausha. Una haraka kwelikweli na unataka weusi leo leo, basi nunua rangi ya boksi iliyoandikwa viambato vyake, ujaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla, ni bora hiyo inayosema ukweli kuliko "hina nyeusi" inayokudanganya. Mjamzito, mwenye ngozi inayowasha washa, aliyewahi kuvimba: majani matupu, na hata hayo jaribu mkononi kwanza. Mtoto chini ya miaka mitano: hakuna chochote. Kichwa chenye kidonda: subiri kipone.

Sio lazima uwe na maabara kujua paketi yako ikoje. Koroga kijiko kimoja na maji, weka tone kwenye tishu nyeupe. Hina inaacha doa la kahawia chungwa. Ukiona kijani kibichi kinakimbia kuzunguka doa kama wino, wametia rangi ya bandia ionekane mpya. Sugua kidogo katikati ya vidole, ikikwaruza kama mchanga, ni mchanga.

Na kama unafikiria baadae kublichi au kutia rangi ya saluni juu ya hina uliyopakwa na mtu usiyemjua, kata ka unywele kadogo kutoka kwenye chanuo, tumbukiza kwenye kikombe cha glasi chenye peroksaidi ya 20 volyumu na matone ya amonia, kaa nayo nusu saa dirisha likiwa wazi. Hina safi haifanyi kitu cha maana. Ikianza kutoa povu, kikombe kikapata moto au rangi ikaruka ghafla, humo kuna chumvi ya madini, na blichi ikigusa kichwa kile itachemka juu ya ngozi yako. Hapo unaacha zikue, unakata ncha kila mwezi, na saluni unawaambia mapema kabla hawajafungua chupa.